Pumzi Yake Ndani ya Kioo

Simu ilinikuta uani kwangu hapa Lodwar nikichana majani ya mkoma ya kusukia vikapu, chane nyingine nimezibana kwa meno, kwa hiyo sikuweza kujibu upesi. Aliyepiga akangoja. Nilipozitoa mdomoni akasema tu, "Ata, amelala." Huku kwetu ata ni nyanya, na hakuna anayempigia nyanya simu asubuhi kumwambia kwamba mtu amelala usingizi wa kawaida. Nikauliza alikuwa na nani. Nikaambiwa binti yake wa mwisho ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Basi nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye chane zangu. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua mimi si mtu wa kusifu maiti. Marehemu, msukaji mwenzangu wa vikapu, alikuwa mkali, mbishi, na kiburi chake kingetosha kata nzima. Lakini huko Kakuma watu wanasema maneno. Wanasema sokoni kwamba alifuga jini kwenye kioo, na kwamba jini hilo ndilo lililomzuia kufa mpaka akabaki mifupa mitupu kitandani. Mimi nilikuwepo kioo hicho kilipotengenezwa, na nilikuwepo chumbani mwake siku chache kabla hajaondoka. Nitasema nilichokiona. Jina lake sitalitaja, maana aliye kaburini hawezi kunijibu, na huyu alipenda sana kujibu.

Alikuwa na kibanda pale Kakuma, karibu na mahali magari ya Lokichogio yanaposimama. Aliuza tumbako, sukari, sabuni, na vikapu alivyosuka mwenyewe. Kwa kuuzia wateja waliotoka Sudan Kusini alikuwa amejifunza Kiarabu chao cha Juba, akigombana na kucheka kwa hicho hicho. Watoto wake walikuwa watatu: mvulana mkubwa, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, binti wa katikati aliyebaki naye nyumbani, na binti wa mwisho, ambaye ndiye aliyefanana naye kwa kila kitu pamoja na ubishi. Huyo wa mwisho alipata kazi ya nyumbani Arabuni. Mama akakataa. Binti akasema ataenda. Sasa, kwetu mtu akisafiri safari ndefu, mama yake huweka maji na tumbako kidogo mdomoni, akamtemea kwenye paji la uso na kifuani huku akimwambia maneno ya amani. Mgeni akiona hudhani ni uchafu. Ndiyo radhi yetu hiyo, na mtoto aliyeipata hutembea akiwa ameloa, hata jua liwake namna gani. Siku ya kuondoka binti akapiga magoti mbele ya mama yake, majirani wakitazama, begi likiwa mlangoni. Mama akaweka maji mdomoni, akaweka tumbako, akamtazama mtoto wake machoni. Kisha akameza. Waliokuwepo waliona koo likipanda na kushuka. Binti akasimama, akajipangusa magoti, akaondoka mkavu. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa tena katika nyumba ile.

Ilikuwa baada ya hapo, miaka kadhaa, ndipo kikundi chetu cha wasuka vikapu kilipoalikwa Kairo kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Tukachaguliwa mimi na marehemu, mimi kwa sababu nasuka vizuri, yeye kwa sababu anajua Kiarabu. Nadhani walitaka pia Kakuma na Lodwar wakose cha kulalamikia. Maonyesho yalipokwisha tukaenda kutafuta zawadi za kurudi nazo, tukaingia duka la vyombo vya kioo vinavyopulizwa kwa mdomo. Vilikuwa vya bluu, vya kijani, vya rangi ya mkojo wa ngamia, vingine vina mapovu ndani kama maji yaliyoganda yakichemka. Mwenye duka akatukaribisha. Mwenzangu akamjibu kwa Kiarabu chake, na yule mtu akacheka mpaka akashika meza.

"Hajja," akamwambia, "hicho Kiarabu umekitoa wapi?"

"Sokoni kwetu. Kinanunua tumbako na kinauza sukari. Cha kwako kinafanya nini zaidi?"

Akanitafsiria huku akitafuna tumbako yake, maana hakuiacha hata nchi za watu. Kisha akachukua jagi moja, akaligonga kwa ukucha, akaliweka sikioni, akaingiza pua ndani kama mtu anayepima chombo cha maziwa. "Halina harufu ya moshi," akasema. "Maziwa yatakaa vipi kwenye chombo ambacho hakijafukizwa?" Mwenye duka akasema si la maziwa, ni la kuwekea maua. Akauliza maua yanakunywa nini humo. Akaambiwa maji. Mwenzangu akanigeukia, "Umesikia? Wametengeneza chombo cha kunywesha majani yaliyokwisha kukatwa. Na huku kwetu mbuzi wanalamba mawe." Yule mtu hakukasirika. Aliniambia baadaye, kupitia kwa mwenzangu, kwamba wateja wote hushika vyombo vyake kwa woga kana kwamba ni mayai, na huyu alikuwa wa kwanza kuvishika kama vyombo. Ndipo akasema, njooni muone vinakotoka.

Vilikotoka ni mahali ambapo miguu yangu haikutaka kwenda. Kuna mtaa Kairo ambao watu wanaishi kati ya makaburi, si kando yake, kati yake. Kamba ya kuanikia nguo imefungwa kutoka kaburi hili hadi lile. Mama anachambua mchele amekalia ngazi ya kaburi la mtu ambaye hata hamjui. Kwetu, nyanya zangu waliniambia, mtu akifa boma lilihamishwa na njia ikafutwa. Hawa wamehamia. Ilikuwa mchana, jua limesimama, na vumbi lilikuwa jeupe, halina tofauti na la Lodwar, na hicho ndicho kilichonitia baridi. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cheusi chenye tanuri katikati, na magunia ya chupa za soda zilizovunjika. Fundi alikuwa kaka yake mwenye duka, mashavu yake yamelegea kama kiriba kilichotumika sana. Alichota uji wa kioo kwa bomba refu la chuma, akapuliza, na kitu chekundu kikavimba mwishoni mwa bomba kama koo la chura. Lakini mwenzangu hakuwa anatazama hapo. Alikuwa anatazama juu. Kwenye boriti yalining'inizwa matufe ya kioo, yamezibwa kabisa, hayana mdomo wala tundu, na ndani yake kulikuwa na ukungu, kama dirisha la gari mtu anapopumua karibu nalo.

"Yale?" akauliza.

"Yale hayauzwi," fundi akasema. "Ni ya baba. Baba yuko nyuma ya ukuta huo."

"Amelala?"

"Amekufa zamani. Lakini pumzi aliyopuliza akiwa kijana iko pale juu. Tunamsalimia tukifungua asubuhi."

Nilitazama. Hewa ya chumba kile ilikuwa imesimama kabisa, jasho lilitutiririka bila kukauka, na tufe moja lilikuwa linazunguka polepole kwenye waya wake, likaenda, likarudi. Nikamwambia mwenzangu twende. Akasema, "Ngoja." Akamwambia fundi, "Nataka moja ya kwangu. Nipulize mwenyewe." Fundi akampa bomba na kumwelekeza atoe kwanza tumbako mdomoni. Akakataa. "Hiyo ndiyo yenyewe," akasema. Akaisukuma kwenye shavu, akafunga macho, akapuliza taratibu, jinsi unavyompulizia mtoto mchanga aliyeingiwa na mchanga jichoni. Kioo kikavimba. Fundi akakikata kwenye bomba, akaziba tundu kwa tone jingine, haraka sana, kama mtu anayemzuia kuku asitoke. Akanigeukia na mimi, "Na wewe, hajja?" Nikasema pumzi yangu naitumia.

Kesho yake, tufe lilipopoa, tukalichukua. Lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Njiani nikamuuliza anafanya nini na kitu kile. Tulipokwisha kuvuka barabara mbili akasema, "Siku ile nilimeza. Sasa nimetema. Iko humu." Nikaelewa. Nikamwambia kama ameshatema, ampigie mtoto simu amwambie. Akanitazama kama mjinga. "Simu haina mate, mwenzangu. Aje aichukue mwenyewe." Tazama kiburi hicho. Mtu amevuka nchi kadhaa kumtafutia mwanawe radhi, lakini hawezi kubonyeza simu. Akalifunga tufe kwa nyuzi za mkoma ndani ya kikapu ambacho hakikuuzwa, akalipakata ndani ya ndege kama mtoto.

Nimewaza sana juu ya kazi ya yule fundi tangu wakati huo. Sisi tunaosuka vikapu tunalowanisha chane kwa mdomo. Hata maji yakiwepo kwenye beseni, mdomo ndio unaojua chane imelainika kiasi gani. Kwa hiyo kila kikapu cha Turkana kinachokaa sebuleni kwa watu, Nairobi au Ulaya, kina mate ya mwanamke mmoja yaliyokaukia ndani. Hatukuwahi kufikiri kwamba tunauza kitu chetu cha mwilini. Fundi wa Kairo alikuwa anafikiri, ndiyo maana vingine aliviuza na vingine akavitundika. Siku hizi vyombo vinatoka kwenye mashine, havijaguswa na mdomo wa mtu, na vijana wangu wananiambia ndiyo usafi. Labda. Plastiki haiwezi kukusumbua usiku, hilo nakubali. Lakini pia haiwezi kukukumbuka. Ukiondoka nyumbani ikabaki, ni kama hukuwahi kuishi pale.

Basi tufe likatundikwa chumbani mwake Kakuma, juu ya kitanda. Nilipopita kumsalimia nilikuwa naliona. Asubuhi lilikuwa na ukungu kidogo, mchana linasafika, na hilo halikunishangaza, maana hata chupa ya maji hufanya hivyo. Lililonishangaza ni kwamba alipoanza kuumwa kifua, ukungu ukaacha kuondoka mchana. Jirani yake, mama mmoja kutoka Kongo ambaye humletea mboga, aliniambia mlangoni, "Mama, ile kintu iko napumua. Miye siingii tena mule." Nikamwambia aache ujinga. Lakini niliingia, nikasimama chini yake, nikahesabu pumzi za mgonjwa kwa kichwa, na ukungu ule ulikuwa unajikunja na kujikunjua ndani ya kioo. Sijui kama ulifuatana naye au yeye ndiye aliyeufuata. Hospitali walimpa dawa, walimpa mtungi wa hewa, mwishowe wakasema apelekwe nyumbani akakae na watu wake. Akaletwa nyumbani kufa. Na hakufa.

Alibaki tu. Hali chakula, hazungumzi, kifua kikipanda na kushuka kidogo kama tumbo la mjusi. Wiki zikapita. Watoto wakachoka, na watu wakianza kuchoka huanza kutafuta wa kulaumu. Ndipo mvulana mkubwa alipotuma pikipiki inichukue kutoka stendi ya Kakuma. Nikaingia saa sita mchana, mabati yakilia kwa joto. Mbuzi walikuwa wamesimama nje ya mlango kwenye jua kali, kivuli cha chumba kipo wazi mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyeingia. Tufe lilikuwa jeupe lote, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Mvulana, yule mzee wa kanisa, akanisalimia, "Ejok, ata," kisha akanipa nyundo.

"Ya nini?"

"Wewe ndiye shahidi. Ulimwona akipuliza. Sisi tunaogopa kuvunja pumzi ya mama, na tunaogopa kuiacha. Tumeomba, tumefunga, haendi. Vunja, apumzike."

"Wewe si mzee wa kanisa?"

"Ata, mimi ni mzee wa kanisa, lakini ninalala chumba hiki."

Nikaweka nyundo chini. Nikamuuliza, "Mmemuuliza mwenyewe?" Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Watu husema juu ya mgonjwa kana kwamba ni mzigo uliofungwa. Nikakaa kitandani, nikamwambia sikioni, bila upole, maana hakupenda upole, "Mwenzangu, wanataka kuvunja kitu chako. Wavunje?" Macho yakafunguka. Yakaenda kwenye tufe, yakarudi kwangu, na kichwa kikatikisika kidogo kwa kukataa. Nikamuuliza, "Mpaka aje?" Machozi yakatoka, ya mtu ambaye nilidhani hana maji tena mwilini. Nikawageukia watoto. "Nani ana namba ya mdogo wenu?" Mvulana akasema hakuna, mama alikataza. Binti wa katikati akainamisha uso, akatoa simu kifuani. Alikuwa nayo siku zote. Kaka yake akamtazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye nguo.

Tukapiga. Nilidhani tunapiga Arabuni. Sauti ikasema, "Haloo," na nyuma yake nikasikia mtu anaita abiria wa Kapenguria. Alikuwa Kitale. Alikuwa amerudi mwaka uliopita, anafulia watu nguo, na hakuthubutu kupanda gari la kuja kwao. "Nitakujaje mkavu, ata?" akaniambia. "Huko nilikoenda sikufanikiwa kitu. Nilijua tangu nilipopanda ndege." Nikamwambia mama yake anaumwa. Akauliza, "Ananiita yeye, au mnaniita nyinyi?" Nikaweka simu mdomoni mwa mgonjwa. Hakuweza kutamka neno. Alipumua tu, pumzi ile ya kukwaruza, ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi. Upande wa pili binti akasema, "Nakuja."

Njia ya Kitale mnaijua. Alifika kesho yake mchana, vumbi limempaka uso kama aliyefufuliwa. Mbuzi walimpisha mlangoni. Kaka yake hakumsalimia. Alishusha tufe, akampa pamoja na nyundo, akamwambia, "Hii ni yako. Mama alikutemea humu. Vunja, uchukue, umwache aende." Binti akalipokea, akalishika mikononi, akalitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Lina joto." Nililigusa. Lilikuwa na joto, lakini Kakuma mchana kila kitu kina joto, sitaki kuapa. Kisha akamrudishia kaka yake nyundo. "Sikuja kuvunja vitu vya mama." Akaliweka kwenye mkeka, akapiga magoti kando ya kitanda kama alivyopiga siku ile ya begi, akaweka paji la uso karibu na midomo ya mama yake, akangoja.

Mdomo ule ulikuwa mkavu kama gome. Binti wa katikati akaulowanisha kwa kidole, tone kwa tone, na mimi nikatoa tumbako kwenye kitambaa changu, punje kidogo, nikaiweka kwenye ulimi. Tulikaa. Mara koo likasogea, na nilimwona binti akifumba macho, kwa sababu alikuwa amewahi kuona koo hilo likisogea. Sote tulidhani amemeza. Kumbe alikuwa anakusanya. Kikatoka kitu kidogo sana, manyunyu na pumzi, hata hakikuweza kuitwa mate. Kikamwangukia mtoto juu ya nyusi. Binti akasema, "Imefika, mama." Akasema tena, "Imefika." Hakujipangusa.

Nilipogeuka kutafuta pa kuweka mkono, nikaliona tufe kwenye mkeka. Lilikuwa safi. Halina ukungu hata wa kuandika kwa kidole, unaona mkeka upande wa pili, uzi kwa uzi. Chumba kilinuka tumbako, nami najua niliileta mwenyewe, lakini ile ilikuwa harufu ya tumbako ya Kakuma ambayo mwenzangu aliacha kutafuna tangu kifua kilipoanza, si yangu ya Lodwar. Mzee wa kanisa alikuwa amekaa chini. Mbuzi mmoja aliingia, akalala kwenye kivuli, na hakuna aliyemfukuza.

Nikarudi Lodwar, na siku chache baadaye ikaja ile simu ya asubuhi. Sasa wananiuliza kama lile lilikuwa jini. Mimi shule niliishia darasa la tatu, mambo ya hewa na kioo waulizeni waliosoma. Ninalojua ni kwamba mwanamke yule alikuwa na radhi tayari, ameitengeneza, ameivukisha mipaka, ameitundika juu ya kitanda chake akalala chini yake miaka yote hiyo, na mwanawe yuko Kitale anafua nguo akiamini amelaaniwa. Kioo hakikumfikishia mtu chochote. Kilitunza tu, na kutunza si kutoa. Wahenga walisema radhi ni bora kuliko mali, lakini nimeona kwamba ukiitunza kama mali inageuka kuwa kitu cha kutisha, inaanza kupumua yenyewe juu ya kichwa chako. Wewe unayesoma hapa, uliyemnunia mtoto wako kwa sababu aliondoka, au aliolewa usikotaka, au alirudi mikono mitupu, usimtafutie chombo. Mwite aje, au panda gari umfuate, umseme kama lazima umseme, kisha umtemee. Fanya hivyo sasa, mdomo wako ungali na mate.